Sanamu ya Askari, na Majina Yasiyoandikwa

  

Nataka kuwaeleza habari za sanamu moja ya shaba iliyoko Dar es Salaam. Labda mtu atauliza, "Sanamu ya Dar es Salaam yatuhusu nini sisi watu wa ziwani?" Namwomba mtu huyo avumilie kidogo. Reli ianzayo katika mji ule mwisho wake ni Kigoma, na vita vilivyofanya sanamu hiyo isimamishwe vilipita katika ziwa letu, vikaingia hata katika nyumba zetu.

Nilipata kufuatana na shangazi yangu, mwenyeji wa Ujiji, alipokwenda Dar es Salaam kumpongeza mjukuu wake aliyejifungua. Shangazi ni mtu mzima, umri wake wazidi miaka 80, wala hakupata kusoma. Siku moja tulikuwa tukitembea katikati ya mji, tukafika mahali ambapo Barabara ya Samora yakutana na barabara itokayo bandarini. Pale katikati, magari yakizunguka pande zote, pana kitako cha mawe kirefu, na juu yake amesimama askari wa shaba. Amevaa nguo za vita, ameinama mbele kidogo kama mtu amnyemeleaye adui, bunduki i mikononi mwake, na singe yake yaelekea bandarini.

Shangazi akasimama akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni mtoto wa nani?"

Nikamjibu, "Shangazi, huyu si mtu mmoja. Ni mfano wa askari wote waliokufa katika Vita Kuu vya kwanza."

Akatikisa kichwa, akasema, "Hakuna askari asiye na mama. Nakuuliza, mtoto wa nani?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyesoma shule nilishindwa na swali la mtu asiyejua kusoma. Tangu siku hiyo nimelifikiri sana swali lake, na leo nataka tulifikiri pamoja.

Kwanza niwaeleze sanamu yenyewe. Ilitengenezwa Uingereza na mchongaji aitwaye James Alexander Stevenson, ikaonyeshwa kwa watu mjini London kabla ya kupakiwa melini, na mwaka wa 1927 ikasimamishwa Dar es Salaam. Mchongaji huyo alitengeneza pia sanamu za Nairobi na Mombasa. Ile ya Nairobi ina watu watatu: askari wa K.A.R., ambao watu waliwaita Keya, askari wa kikosi cha Waarabu, na mpagazi. Ile ya Dar es Salaam ina askari mmoja peke yake juu ya kitako.

Pengine wanafunzi watapenda kujua jinsi sanamu ya namna hii ifanywavyo. Watu husema kwamba huchongwa, lakini sanamu ya shaba haichongwi kama kinyago cha mti. Fundi hufinyanga kwanza mfano wa udongo, kama mfinyanzi afanyavyo chungu. Juu ya udongo huo hufanya kalibu, yaani umbo la kupokea madini yaliyoyeyushwa. Kisha shaba nyekundu huchanganywa na bati katika moto mkali, ikapata kuwa shaba nyeusi, nayo humiminwa ndani ya kalibu. Shaba hiyo haijazi umbo lote, maana ingekuwa nzito mno na ingepasuka ikipoa. Huwa kama ganda tu. Kwa hiyo sanamu kubwa ya shaba kwa nje yaonekana kama mtu mzima mwenye nguvu, bali ndani yake ni tupu.

Mahali hapo palikuwa na sanamu nyingine zamani. Wakati wa utawala wa Wadachi palisimamishwa sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza majeshi ya Kidachi yaliyowashinda watu wa pwani walipopigana pamoja na Abushiri, naye baadaye akawa gavana. Katika sanamu hiyo Wissmann alisimama juu, na chini miguuni pake palikuwa na askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba, 1916, sanamu hiyo iliondolewa. Ikapelekwa Uingereza, na baadaye Ujerumani, ikawekwa katika mji wa Hamburg mwaka wa 1922. Huko wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha, mara ya mwisho mwaka wa 1968, kwa kuwa hawakutaka tena kumheshimu mtu wa namna ile.

Yafaa kulitambua badiliko hilo. Katika sanamu ya kwanza Mwafrika alikuwa chini, akitazama juu. Katika sanamu ya pili Mwafrika amesimama juu, peke yake, wala hamtazami bwana ye yote. Hiyo ni heshima, nami siidharau. Lakini Wissmann aliandikwa jina lake. Askari aliyekaa mahali pake hakuandikwa jina.

Sasa turudi huku kwetu ziwani, mpate kuona kwa nini nasema habari hizi ni zetu.

Vita vilipoanza mwaka wa 1914, reli ilikuwa imefika Kigoma miezi michache tu iliyopita. Wadachi walikuwa na nguvu katika ziwa. Walikuwa na meli ya Hedwig von Wissmann, iliyopewa jina la mke wa yule Wissmann wa sanamu, na meli ndogo ya Kingani. Tena waliileta meli kubwa kutoka Ujerumani ikiwa vipande vipande katika masanduku kama 5,000, wakaiunganisha Kigoma, wakaishusha majini mwezi wa Februari, 1915. Iliitwa Goetzen. Ninyi nyote mwaijua kwa jina lake la baadaye, maana ndiyo Liemba.

Waingereza nao wakaleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou. Zilisafirishwa kwa meli hata Afrika ya Kusini, kisha kwa reli, kisha zikakokotwa porini na milimani kwa mitambo ya moshi na kwa ng'ombe, kisha zikapita mtoni, hata zikafika ng'ambo ya pili ya ziwa letu katika nchi ya Kongo. Njia ya porini ilikatwa na Waafrika kwa mashoka na majembe, na madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa mikono yao. Tarehe 26 Desemba, 1915, Kingani ilitekwa. Tarehe 9 Februari, 1916, Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Mwezi wa Julai mwaka huo Wadachi wakaizamisha Goetzen wao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakiisha kuipaka mitambo yake mafuta mazito isipate kutu. Siku chache baadaye jeshi la Wabelgiji liliingia Kigoma, nalo lilikuwa na askari Waafrika wa Kongo. Likaendelea kwa miguu upande wa mashariki, hata Tabora ikatwaliwa tarehe 19 Septemba, 1916.

Katika vitabu, habari za mashua hizo mbili zimeandikwa mara nyingi. Jina la ofisa aliyeziongoza lajulikana, na hata majina ya mashua yenyewe yajulikana. Liemba ilitolewa majini, ikaanza kazi tena mwaka wa 1927, mwaka ule ule askari wa shaba aliposimamishwa Dar es Salaam. Chombo kilizama, kikatolewa majini, kikapewa jina jipya. Lakini watu waliokata njia ile majina yao yako wapi?

Jambo la wapagazi ndilo kubwa katika vita hivi, nami nitakaa hapo kidogo.

Watu wengi hudhani kwamba vita ni kazi ya wenye bunduki. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki haikuwa hivyo. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Reli zilikuwa chache, na Wadachi walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja. Motakaa zilikwama matopeni wakati wa masika. Basi kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa, na pengine hata mizinga iliyovunjwa vipande, vyote vilipita juu ya vichwa vya watu.

Tufanye hesabu ndogo, hasa ninyi wanafunzi. Tuseme mpagazi mmoja achukua mzigo wa unga wa ratili 50, na kila siku yeye mwenyewe ala ratili 2. Baada ya siku 25 ameumaliza mzigo wote, wala askari hajapata hata kiganja kimoja. Na kama ni safari ya siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, katika ratili 50 atakula 40, naye atamfikishia askari ratili 10 tu. Kwa hiyo jeshi likienda mbali zaidi, wapagazi huzidi mara nyingi kuliko askari. Ndiyo maana Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo, na Wabelgiji nao walitumia zaidi ya 200,000. Wadachi pia waliwachukua watu wengi mno.

Wengi katika hao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na homa ya mapafu, na njaa. Mtu wa milimani alishushwa katika mabonde ya joto na mbu; mtu wa joto alipelekwa milimani na nguo moja. Unga ulipikwa nusu kwa kuwa hapakuwa na kuni wala wakati, ukaharibu matumbo. Katika hesabu za Waingereza peke yao, wapagazi waliokufa hawakupungua 95,000. Wengine waliokufa njiani hawakuhesabiwa na mtu. Na vita vilipokwisha, jeshi la mwisho la Wadachi liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, 1918, mahali palipoitwa Abercorn, ambapo sasa ni Mbala katika nchi ya Zambia, karibu na mwisho wa kusini wa ziwa letu hili.

Je, wapagazi hawana ukumbusho? Wanao wa namna mbili. Wa kwanza ni maneno yaliyoandikwa katika kitako cha sanamu ile, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Pale wapagazi wametajwa pamoja na askari, nao wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Wa pili ni neno moja mlisikialo kila siku. Soko kubwa la Dar es Salaam laitwa Kariakoo. Jina hilo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kwa sababu kambi yao ilikuwa pale. Huko Nairobi pia pana mtaa wa jina kama hilo. Kila siku maelfu ya watu hununua vitunguu na vitambaa Kariakoo, nao hulitaja jeshi la wapagazi bila kujua.

Lakini shangazi yangu hakuuliza jina la kikosi. Aliuliza jina la mtu.

Siku ya tatu tulipita katika barabara iendayo Bagamoyo. Kama kilomita 5 kutoka katikati ya mji yako makaburi ya askari. Makaburi hayo zamani yalikuwa karibu na bahari, yakahamishwa mwaka wa 1968 kwa ajili ya kujenga barabara. Tukaomba ruhusa, tukaingia. Majani yamekatwa vizuri, mawe yamepangwa kwa mistari, na pahali pote pana utulivu. Pana ukumbusho wa Waingereza na Wahindi waliokufa katika Afrika Mashariki tangu mwezi wa Januari, 1917, ambao makaburi yao hayajulikani. Majina yao yameandikwa, nayo yazidi 1,500.

Nikaanza kumsomea shangazi. Nilisoma jina moja, la pili, la kumi. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu asikiavyo habari za msiba wa jirani. Kisha akaniuliza, "Na wetu wameandikwa upande gani?"

Nikamwambia, "Shangazi, wetu ndiye yule tuliyemwona juzi, askari wa shaba."

Akasema, "Hawa wana majina wala hawana sanamu. Yule ana sanamu wala hana jina. Nani kati yao aweza kuitwa na mama yake?"

Wasikilizaji wangu, msifikiri kwamba nawaonea wivu wale walioandikwa. Wengi wao walikuwa vijana waliokufa mbali na kwao, na mama zao pia walilia. Ni haki yao kuandikwa. Nasema tu kwamba haki hiyo ilikuwa ya wote. Tume ya Makaburi ya Vita ilipoanzishwa mwaka wa 1917, kanuni yake ilikuwa kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kutazama cheo, wala kabila, wala dini. Katika Ulaya kanuni hiyo ilishikwa. Huku Afrika Mashariki haikushikwa. Wakubwa wengine wa wakati ule walisema Waafrika hawajali mawe ya kaburi, hawatayafahamu, basi sanamu moja yawatosha wote. Ndiyo maana makaburi mengi ya askari wetu na wapagazi wetu yaliachwa yakarudi porini.

Mwaka wa 1921 haukuyaona makosa hayo, lakini mwaka wa 2021 uliyaona. Baada ya miaka mia, Tume hiyo ilitoa taarifa yake yenyewe. Ilikiri kwamba watu 116,000 kwa uchache, na labda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na wa Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mbele ya Bunge lake mwezi wa Aprili mwaka huo.

Kuomba radhi ni jambo jema. Lakini radhi haiwezi kumwambia mama jina la mwanawe.

Pana mfano mmoja wenye kutia moyo. Katika mji wa Cape Town, Afrika ya Kusini, mwezi wa Januari, 1925 ulikuwa umepita bila ukumbusho, na miaka mingine mingi ikapita vivyo hivyo. Bali mwezi wa Januari, 2025, ulifunguliwa ukumbusho wa watu 1,772, wengi wao Waafrika, waliokufa katika vita hivyo hivyo wakifanya kazi bila silaha, kama wapagazi wetu. Majina yao yalipatikana katika karatasi za zamani. Hawakufanyiwa sanamu ya mtu. Kila mmoja amesimamishiwa mti wake, na juu ya mti huo limeandikwa jina lake na tarehe ya kufa kwake. Na mti wenyewe ni mvule, jamii ile ile ya mvule tuijuayo sisi. Basi mgeni apitaye pale haoni mtu mmoja asiye na jina. Aona miti 1,772, kila mti na mwenyewe.

Je, sisi tutafanya nini? Karatasi za wapagazi wa pande zetu si nyingi. Wengine walitwikwa mizigo njiani bila kuandikwa po pote. Lakini iko hazina nyingine, nayo imo katika vichwa vya wazee. Siku ile tulipotoka makaburini, shangazi alinyamaza njia nzima. Usiku akaniita akaniambia, "Babu yangu mzaa baba alichukuliwa Ujiji mwaka ule meli ilipozamishwa. Safu ya askari ilipita, akatwikwa sanduku, akaambiwa atarudi baada ya mwezi mmoja. Aliacha mke mwenye mimba. Mimba ile ndiyo baba yangu. Mkewe alimngoja hata alipokufa yeye mwenyewe, wala hakukubali kukaa eda, maana hakuna aliyemletea habari ya kufa kwake." Kisha akanitajia jina la babu yake, na jina la baba wa babu yake.

Mimi ni kitukuu cha mtu huyo. Damu yake ni damu yangu. Nami nimesoma shule, nimejifunza majina ya wafalme wa Uingereza, na ya Livingstone na Stanley waliokutana Ujiji mwaka wa 1871. Lakini jina la mtu huyo sikulijua mpaka usiku ule. Na kama shangazi angalikufa kabla ya safari hiyo, jina hilo lingalizikwa pamoja naye, wala nisingalijua kwamba nimepotewa na kitu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kama mali ni hivyo, watu je?

Basi haya ndiyo niwaombayo. Kila mwanafunzi achukue karatasi, amwendee mzee wa nyumbani kwao, amwamkie kwa heshima, amwulize maneno haya. Je, katika ukoo wetu yuko aliyekwenda vitani mwaka wa 1914 hata 1918, akiwa askari au mpagazi, upande wa Wadachi au Wabelgiji au Waingereza? Jina lake nani, na jina la baba yake nani? Kijiji chake kipi? Alichukuliwa njia gani, pamoja na nani? Habari yake ya mwisho ilisikiwa wapi? Alirudi, au hakurudi? Andika jibu kama alivyolisema mzee, usiongeze wala usipunguze. Kama mzee hakumbuki jambo fulani, acha mahali patupu. Usijaze kwa kubahatisha, maana jina la uwongo ni baya kuliko kukosa jina.

Nanyi walimu, kusanyeni karatasi hizo, mziandike katika daftari moja la shule kwa hati safi. Nakala moja ikae shuleni, nyingine ofisini kwa kijiji, na nyingine msikitini au kanisani. Msitazame alipigana upande gani. Ndugu wawili wa nyumba moja waliweza kuwa katika majeshi mawili yaliyopigana, wala hakuna hata mmoja aliyeulizwa vita hivyo ni vya nani. Mama yao alikuwa mmoja.

Maneno ya kitako cha sanamu ile yana ahadi ndani yake, ya kwamba wana hawatalisahau jina la baba aliyekufa. Walioyaandika hawakuwa na uwezo wa kuitimiza ahadi hiyo. Ni sisi tuwezao, nasi tumechelewa.

Siku ya kurudi Kigoma, shangazi aliniomba tupite tena pale mjini kabla ya kwenda stesheni. Alisimama chini ya yule askari wa shaba, akainua kichwa, akalitaja jina la babu yake mara tatu, kama mtu aitavyo mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Watu waliopita walimtazama. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, huyu si babu yako. Huyu ni askari, na babu yako alikuwa mpagazi."

Akanijibu, "Najua, mwanangu. Lakini amesimama hapa miaka yote hii bila mtu kumwita. Basi na awe babu yangu, mpaka mwenyewe atakapopatikana."

Kisha tukaenda tukapanda gari moshi.

Wasikilizaji wangu, wakati wangu umekwisha. Kama katika nyumba yenu yuko mzee, mwendeeni jioni hii. Kwaherini.